Kiongoza kamba cha winchi, cha rola au cha bamba? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Masika yakikaribia, maswali ya winchi, ile mashine ya kuvutia gari lililokwama, huongezeka. Watu huuliza nguvu ya mota, urefu wa kamba na ukubwa wa betri. Kiongoza kamba, yaani kile kipande kilichofungwa mbele ya bampa, ambacho kamba hukipitia kabla ya kufika kwenye dramu inakozungushwa, hakuna anayekiuliza mpaka kamba ikatike. Majibu haya ni kwa madereva wa utalii, wenye magari ya shamba na yeyote anayefunga winchi kwenye Land Cruiser, Land Rover au Hilux kwa ajili ya kazi ya kweli. Humu, "waya" ni ule wa chuma, na "kamba" ni ile ya sintetiki.

Fundi, kwani winchi haiwezi kuvuta bila kiongoza kamba?

Itavuta, kama mti uko mbele yako umenyooka kabisa na dramu. Hali hiyo hutokea mara chache sana. Gari likizama huwa limelala upande, na mti wa kufungia uko kushoto au kulia, juu ya kingo au chini bondeni. Bila kiongoza, kamba itasugua ukingo wa bampa, na ukingo wa bampa ni bati lililokatwa. Kazi ya kiongoza ni kuipokea kamba kwa uso usiokata, itoke upande wowote, kisha kuielekeza iingie kwenye dramu badala ya kupanda kwenye mota au kwenye giaboksi ya winchi.

Sasa ninunue kipi?

Anza kwa kuangalia kilichozungushwa kwenye dramu. Kama ni waya wa chuma, funga kiongoza cha rola, yaani kile chenye rola nne, mbili za kusimama na mbili za kulala. Kama ni kamba ya sintetiki, funga bamba, yaani kipande kimoja cha alumini chenye mdomo mpana uliolainishwa kingo zake zote. Usianze na rangi wala bei, na usikubali muuzaji akuambie kwamba vyote ni sawa.

Sababu iko kwenye namna kila kimoja kinavyoumia. Waya hauogopi joto, ila haupendi kusuguliwa wala kukunjwa ukiwa na mzigo. Rola inazunguka nao, kwa hiyo msuguano unapungua na nyuzi za nje zinapona. Kamba ya sintetiki ni nyepesi na laini. Inateleza vizuri juu ya alumini iliyong'arishwa, lakini haivumilii mwiba wala pengo la kubanwa. Kwa hiyo inachohitaji ni uso mmoja usio na maungio.

Kuna na suala la uzito. Mita 28 za waya wa milimita 9.5 zina uzito wa karibu kilo 10, wakati kamba ya milimita 10 ya urefu huohuo haifiki kilo 2. Ongeza rola, ambazo ni vyuma vizito, kisha linganisha na bamba la alumini lisilozidi kilo moja au mbili. Uzito wote huo unakaa mbele ya ekseli ya mbele, mahali pabaya kwa springi na kwa gari linaloingia kwenye tope kwa pua.

Winchi yangu ina waya wa chuma, lakini bamba la alumini linapendeza zaidi. Kuna ubaya gani nikilifunga?

Alumini ni laini kuliko chuma. Waya ukivuta kwa pembe huku umebeba tani mbili tatu, unachimba mfereji kwenye mdomo wa bamba. Mfereji huo una kingo kali, na siku utakapohamia kwenye kamba ya sintetiki, kingo hizo ndizo zitakazoikata. Waya nao hauponi. Bamba halizunguki, kwa hiyo nyuzi za nje zinasagika, zinakatika mojamoja na kuacha miiba inayopenya hata glavu ya ngozi.

Yapo mabamba ya chuma cha kusubu yanayouzwa kwa ajili ya waya, hasa kwenye winchi ndogo za pikipiki za magurudumu manne. Hayo hayachimbiki haraka, na kwa mzigo mdogo yanafanya kazi. Kwa gari la tani tatu lililobeba wageni sita, mimi ningebaki na rola.

Nimetoa waya nikaweka kamba ya sintetiki. Rola zangu bado nzima, nizibakize?

Hili ndilo swali linalogharimu watu kamba nyingi kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Rola zilizowahi kupitiwa na waya zimeshachorwa. Kwa macho unaona vumbi na grisi tu. Zifute kwa mafuta ya taa, uzishike kwa vidole, utasikia mistari na vijimiiba vya chuma. Kamba ya sintetiki imesukwa kwa nyuzi nyembamba mno, na kila mwiba unakata chache kila unapoguswa. Kamba haikatiki siku hiyo. Inaota manyoya mahali pamoja, manyoya yanaongezeka, na siku ya mzigo mkubwa inakatikia hapohapo.

Tatizo la pili liko kwenye kona. Tazama mahali rola ya kusimama inapokutana na rola ya kulala, utaona pengo. Waya mgumu hauingii humo. Kamba laini, ikivutwa juu na pembeni kwa wakati mmoja, kama unavyofanya unapopandisha gari kutoka korongoni, inajisukuma kwenye pengo hilo, inabanwa na kubapika. Nimeshika kamba iliyotolewa kwenye pengo la namna hiyo: ilikuwa bapa, ngumu na inang'aa upande mmoja, maana nyuzi zilikuwa zimepata moto kwa kusuguliwa zikagandana. Kipande cha namna hiyo hakirekebishiki, kinakatwa na kamba inaunganishwa upya.

Hata hivyo sitasema rola na kamba ya sintetiki haviendi pamoja kabisa. Rola mpya ambazo hazijawahi kuonja waya, zenye uso laini na pengo dogo la kona, zinafaa, na mviringo wake mkubwa unaikunja kamba kwa upole. Kama ulishanunua seti mpya ya namna hiyo, itumie. Kama ni zile za zamani, zifungue zote, na usisahau dramu yenyewe. Waya huacha miiba kwenye dramu pia, na kamba mpya itaipata huko ndani ambako huioni.

Nitajuaje kama mdomo wa bamba ni laini vya kutosha?

Chukua kipande cha pamba ya dukani, ile ya kusafishia vidonda, au soksi nyepesi ya kike. Kipitishe polepole kwenye mdomo wote, juu, chini, kona zote nne, halafu upande wa nyuma unaotazama dramu. Pale pamba inapoacha unyuzi mweupe, pana mwiba. Weka alama kwa chaki, sugua kwa msasa namba 400 na maji, kisha namba 800, halafu rudia pamba mpaka isiache kitu. Usitumie tupa, kwa sababu inaondoa mwiba lakini inaacha ubapa wenye kingo mbili mpya.

Upande wa nyuma usiupuuze. Mabamba mengi ya bei rahisi yamelainishwa vizuri mbele, ambako mnunuzi anatazama, na nyuma yameachwa kama yalivyotoka kwenye mashine. Kamba inapoingia kwenye dramu husafiri kutoka pembe moja ya dramu hadi nyingine, na safari yote hiyo inaugusa ukingo wa nyuma.

Unene wa mdomo una maana, au ni urembo tu?

Una maana kubwa. Kamba iliyobeba mzigo ikikunjwa kwa ghafla, nyuzi za upande wa nje wa kona zinabeba karibu mzigo wote na za ndani zinalegea. Kadiri kona inavyokuwa kali, ndivyo kamba inavyopoteza nguvu yake. Bamba jembamba lenye ukingo mdogo linaipiga kamba kona kali hata kama limeng'arishwa kama kioo. Kwa kamba ya milimita 10, tafuta mdomo ambao nusukipenyo cha mviringo wake hakipungui unene wa kamba, na ukipata wenye milimita 20 au 25 ni bora zaidi. Bamba nene linatokeza mbele kidogo na bei yake iko juu. Kwa maoni yangu hapo ndipo pesa inapofanya kazi, kuliko kwenye rangi nyekundu au maandishi yaliyochongwa.

Nitapimaje ili nisinunue kisichoingia?

Pima kutoka katikati ya tundu moja la bolti hadi katikati ya jingine. Winchi nyingi za magari, zenye nguvu ya kuvuta pauni 8,000 hadi 12,000, zinatumia milimita 254, yaani inchi 10. Winchi ndogo za pikipiki za magurudumu manne zinatumia milimita 124, na zile za dramu ndefu kidogo milimita 152. Pima kwenye bampa lako pia, usiamini boksi la winchi peke yake, maana bampa la kuchomelea la mtaani linaweza kuwa limetobolewa kwa makadirio.

Baada ya hapo, kaa mbele ya gari uchungulie. Katikati ya mdomo ilingane na katikati ya dramu. Kimo nacho ukitazame: kwenye winchi nyingi kamba hutokea chini ya dramu, na kama mdomo uko juu mno au chini mno, kamba itasugua mdomo wa chini au wa juu hata unapovuta moja kwa moja. Yapo mabamba yaliyopinda kurekebisha tofauti hiyo. Ni bora kuliko kulazimisha.

Bolti ziwe za chuma kigumu, zenye namba 8.8 kichwani au zaidi, na vichwa vizame ndani ya bamba. Kichwa cha bolti kinachotokeza karibu na mdomo ni kisu kinachongoja kamba ipite.

Nakaa pwani. Alumini itanidumu?

Itadumu, ukiiosha. Chumvi ya Tanga au Mombasa inaila alumini zaidi pale inapogusana na bolti za chuma, kwa hiyo weka washa za plastiki au paka grisi nzito kwenye matundu kabla ya kukaza. Unga mweupe ukionekana kuzunguka bolti, fungua usafishe.

Sehemu iliyo mbaya kuliko bahari ni magadi. Ukitoka Ziwa Natron au Ziwa Magadi na matope yamekauka kwenye bampa, yaoshe siku hiyohiyo kwa maji mengi. Magadi yanaikwangua alumini pamoja na lile tabaka gumu la juu lililotiwa kiwandani, na uso uliokuwa kama kioo unakuwa kama msasa. Sabuni kali za kuoshea injini hufanya vivyo hivyo. Waambie vijana wa kuosha magari wasizimwage mbele ya bampa.

Nikivuta kwa pembeni sana, kipi kinastahimili zaidi?

Waya na rola, au kamba na bamba nene, vyote vinastahimili pembe. Kinachoshindwa ni dramu. Kamba ikitoka kushoto muda mrefu, inajirundika kushoto mpaka inagusa fremu ya winchi, na fremu ya alumini inaweza kupasuka. Vuta kidogo, simama, tazama dramu, toa kamba uipange upya, endelea. Penye nafasi, funga kapi kwenye mti mwingine ulio mbele yako ili kamba itoke imenyooka kisha ikate kona kwenye kapi. Kapi lina gurudumu kubwa, na kona ya hapo haiumizi kitu. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa magharibi ya Serengeti wakati wa mvua, kapi linakusaidia na zaidi: ukipitisha kamba kwenye kapi na kurudisha ndoano kwenye gari lako mwenyewe, nguvu ya kuvuta inakaribia kuwa mara mbili.

Fundi wa mtaani anaweza kunitengenezea?

Rola, ndiyo. Fundi wa kerezo mwenye mkono mzuri anachonga rola kwa chuma cha duara, anaweka bushi za shaba na tundu la grisi, na zinadumu kuliko nyingi za dukani. Mwambie azungushe ncha za rola ziwe za mviringo, zisiachwe kali, na apunguze pengo la kona.

Bamba ni jambo jingine. Kuchomelea nondo ya duara kuzunguka tundu la bati kunafaa kwa waya, kwa muda. Kwa kamba ya sintetiki sikushauri, maana mshono wa kuchomelea hauwi laini hata usagwe vipi, na kona nne ndiko mishono inakokutana. Bamba la alumini la kiwandani bei yake ni ndogo ukilinganisha na kamba itakayoharibika.

Kamba yangu imeyeyuka upande wa ndani, karibu na dramu. Bamba ndilo lililosababisha?

Kama uharibifu uko kwenye mizunguko ya mwanzo kabisa, chunguza breki kabla ya bamba. Winchi nyingi za umeme zina breki ndani ya dramu, na ukishusha gari mteremkoni kwa kuachia kamba kwa mota, breki hiyo inabeba mzigo wote na dramu inapata moto. Nyuzi za kamba hizi ni za plastiki ya jamii ya polietilini. Hupoteza nguvu kuanzia nyuzijoto 70 hivi na huyeyuka karibu na 145. Ukiona hivyo, punguza kushusha kwa winchi, vuta kwa vipindi na upumzike, na uliza kamba yenye ala ya kuzuia joto kwenye mita za mwanzo. Acha angalau mizunguko 8 hadi 10 ya kamba kwenye dramu kila wakati. Kwa waya, 5 inatosha.

Kuungua kwa katikati ya kamba ndiko kunakoelekeza kidole kwenye kiongoza.

Rola zinahitaji matunzo gani?

Zizungushe kwa mkono kila unapokagua mafuta ya injini. Rola isiyozunguka si rola tena, ni nondo inayosaga waya mahali pamoja. Tope la mfinyanzi likikauka kwenye ekseli yake ndogo linaishika kama saruji. Osha, zungusha, tia grisi kidogo kwenye bushi, usipake kwenye uso wa rola kwa sababu inakusanya mchanga. Rola iliyopata bonde katikati ibadilishwe, na ibadilishwe mapema kama bonde liko upande mmoja tu.

Bamba halina cha kupakwa. Maji safi na pamba, basi.

Magari ya mashindano hufunga nini? Nifuate wao?

Kwetu mfano mzuri ni Rhino Charge ya Kenya, inayofanyika tangu 1989 kuchangia Rhino Ark, shirika lililojenga uzio wa umeme wa karibu kilomita 400 kuzunguka msitu wa Aberdare, ukakamilika 2009. Gari linatakiwa kufika vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi zaidi. Kwa hiyo gari linapita makorongo badala ya kuyazunguka. Katika mchezo wa namna hiyo kila sentimita ya pua ya gari inahesabika, na bamba linalotokeza kidogo lina faida ya wazi kuliko rola zilizochomoza mbele.

Gari la utalii lina mahitaji tofauti. Halirukii makorongo, ila linashinda juani mwaka mzima, linakula vumbi la Ngorongoro, na winchi yake inaweza kukaa miezi bila kutumika kisha ikahitajika usiku wa mvua na wageni ndani. Kwa dereva asiye na muda wa kuosha na kufunika kamba, waya na rola zilizotiwa grisi ni chaguo la heshima. Anayetunza, aende na kamba na bamba, kwa sababu kamba ikikatika haibebi nguvu ya kurudi kama waya, na hilo linalinda macho na miguu ya watu waliosimama karibu. Hata hivyo tupa koti zito au turubai juu yake unapovuta, na watu wakae mbali.

Kibao cha namba kinaziba mdomo. Nifanyeje?

Kifunge kwenye bawaba inayonyanyuka, uiinue kabla ya kutoa kamba. Usikihamishie mahali kisikoonekana.

Nirudishe ndoano mpaka ikae kwenye mdomo?

Hapana. Ndoano ya chuma ikibamizwa kwenye bamba la alumini inaacha kovu mahali hasa kamba inapopita, na mota isiposimamishwa kwa wakati inaweza kupasua bamba au kukata kamba kwenye kifundo chake. Simamisha winchi ndoano ikiwa mita 2 hivi kutoka kwenye mdomo. Malizia kwa kubonyeza kidogokidogo, ukishika ndoano kwa ule utepe mwekundu wake, si kwa vidole ndani ya ndoano, na usishike kamba yenyewe. Mkono uliong'ang'ania kamba unaingia nayo, na winchi haijui tofauti. Mwenzako ashike rimoti tu, asifanye jambo jingine, naye akuangalie wewe badala ya dramu. Kisha ifunge ndoano kwenye sheko (pete ya chuma yenye pini) ya bampa, kamba ikazwe kiasi cha kutotikisika tu. Ukipenda, weka kizuizi cha mpira mbele ya ndoano, ingawa mpira huo haukuondolei kazi ya kusimamisha mapema.